Dirisha la Upande wa Kanisa

Duka la vitambaa la Rajesh lilikuwa limefurika watu hadi barazani. Idi ilikuwa imekaribia, na wanawake wa Bagamoyo walikuwa wakigombea kanga utadhani zinagawiwa bure. Ashatu alijibanza pembeni mwa meza, baibui lake limepata vumbi, mtandio wa rangi ya ukwaju umemteleza hadi shingoni. Hapo ndipo kasha kubwa jeusi lilipomgonga kiunoni.

"Aka! Utatuua wenzio na jeneza lako hilo!"

Neno lilipomtoka alitamani kulirudisha. Jeneza ni neno ambalo mjane hapaswi kulifanyia mzaha, na yeye alikuwa hana muda mrefu tangu atoke eda.

"Niwie radhi, bibie," mwenye kasha alisema. Alikuwa kijana mrefu, shati la kitenge limenyooshwa pasi, kofia ya kiua kaiinamisha kidogo upande. "Lakini si jeneza. Aliyemo humu analia tu, hajafa." Kisha akamgeukia mwenye duka. "Rajesh, nikatie kitambaa laini cha kumpangusia mama watoto."

"Mama watoto yupi, Najim? Wewe hata mke huna!"

"Si huyu wa kwenye kasha!"

Wanawake wakacheka. Najim akasimama kungoja zamu yake, na katika kungoja akaanza kuvumisha wimbo kwa puani, polepole, kama mtu asiyejua kuwa anaimba. Ashatu akaiachia kanga aliyokuwa akiichagua. Wimbo ule aliujua kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Aliujulia edani. Mumewe, Yunus, aliugua kwa muda mfupi akafariki, na Ashatu akakaa eda nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Wahida, katika chumba ambacho dirisha lake linatazamana na kanisa. Kila Alhamisi jioni kanisa lile lilikuwa na ibada ya tafakari. Hapakuwa na mahubiri ya kupaza sauti. Watu walikaa kimya na wanamuziki wachache wakapiga jazi. Si ile ya dansi ya kukatikia viuno, bali ya taratibu, inayouacha wimbo ikaenda kutembea, halafu ikaurudia pale usipotegemea. Saa hizohizo, kwa kuwa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, Bi Wahida na majirani walikuwa sebuleni wakimsomea Yunus Yasini. Ashatu naye alikuwa na Yasini mapajani, lakini masikio yako dirishani. Ikafika mahali akawa anaisubiri Alhamisi kwa hamu, na akijua fika kwamba anachokisubiri si dua ya mumewe. Na mumewe alimpenda! Hilo ndilo lililomuunguza. Angekuwa mume mbaya, angalau angejipa udhuru.

"Tarumbeta hiyo unaipigia wapi?" alimuuliza Najim pale dukani.

"Saksafoni, bibie, tarumbeta ina ukoo mwingine. Napiga hotelini, na Alhamisi pale kanisani. Wimbo huu unaujua?"

"Nitaujulia wapi mimi?" Ashatu akadanganya.

"Basi nipe namba, nikupigie kesho niulize hali ya kiuno."

Akampa. Kiuno kiliulizwa hali kesho yake, na keshokutwa, na hata kilipopona kikaendelea kuulizwa.

"Mahabuba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Najim, wewe ni daktari au mpambe wa jikoni?"

"Mimi ni mgonjwa. Nikisikia umekula ndiyo napata nafuu."

Ashatu alicheka akijiziba mdomo kwa mtandio, maana bado aliishi kwa Bi Wahida, naye alikuwa ukumbini. Kila alipocheka, moyo ulimsuta. Alimwambia Najim kuwa ni mjane na kwamba wazazi hana, ila baba mdogo aliyeko Mapinga; Najim akamwombea marehemu kwa heshima. Lakini habari ya dirisha hakuigusa.

"Njoo Alhamisi unisikilize," Najim alimsihi siku moja. "Si lazima uingie. Kaa hata nje."

"Alhamisi siwezi."

"Ile nyingine je?"

"Nayo siwezi. Najim, usiniulize tena habari za Alhamisi!"

Upande wa pili lilisikika kasha likifungwa.

"Nilijua tu," Najim akasema. "Unanionea aibu. Hata kwetu Zinga wapo wanaoniteta, mtoto wa Kiislamu anafuata nini kanisani. Wale nawajibu kwamba napiga ala, dini yangu sijabadili. Wewe sikudhani kama nitahitaji kukujibu."

Neno moja tu lingetosha kumtuliza. Ashatu alilitafuta, na kabla hajalipata simu ikakatika.

Alhamisi iliyofuata alisikia kinanda, akasikia ngoma ikipapaswa kwa brashi. Saksafoni haikuwapo. Kila wenzake Najim walipoiachia saksafoni nafasi iingie, palibaki pengo. Kisha kwenye simu ukaingia ujumbe wa Najim: "Nimeacha kupiga kanisani. Kama ni hilo lililokukera, halipo tena."

Ashatu akakaa kitandani. Kwanza alimdhulumu marehemu dua yake, sasa amemdhulumu aliye hai kazi yake, na wale waliokaa kimya kule kanisani, kila mmoja na msiba wake, nao amewanyima. Alijichukia kiasi cha kushindwa kulia.

Majirani walipoondoka alimfuata Bi Wahida sebuleni, akamkuta anakunja mkeka.

"Mama, nina jambo. Wakati wa eda, mlipokuwa mnamsomea Yunus, mimi nilikuwa nasikiliza muziki wa kanisani. Nilikuwa naungoja. Nilikuwa nafurahi, mama. Mume wangu kaburini, na mimi nafurahi."

Bi Wahida aliendelea kukunja mkeka.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikusikia ukiufuatisha kwa puani. Siku ya kwanza niliinuka nije nikuzabe kofi. Udongo wa mwanangu haujakauka, mkewe anaimba! Nikafika mlangoni, nikakuona unakula. Tangu tumzike Yunus hata kikombe cha uji ulikuwa humalizi. Nikarudi nikakaa." Aliusimamisha mkeka ukutani. "Tangu siku hiyo, Alhamisi nikawa nakupikia mapema, chakula kikukute tarumbeta yao imeshaanza."

Ashatu alimwangukia magotini, kilio kilichogoma kikamtoka chote. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, na nilikuwa nimekukasirikia? Hata sasa bado kidogo."

Ndipo Ashatu akamweleza yote: duka, kasha, simu, na kijana aliyeacha kupiga kwa ajili yake.

"Mpigie," Bi Wahida alisema. "Hapahapa, nikisikia."

Ashatu aliifungulia simu spika, ikaita kwa muda mrefu kabla ya kupokelewa.

"Najim, sikukuonea aibu hata siku moja. Chumba changu kinatazamana na kanisa. Eda yangu yote nilikuwa nakusikiliza."

"Ulikuwa unanisikia?" Najim aliuliza. "Mbona siku ile dukani hukusema?"

"Ningesemaje, Najim? Niseme nilianza kukupenda nikiwa edani, mume wangu anasomewa chumba cha pili?"

Safari hii Najim hakutania.

"Nataka kukuoa, Ashatu. Nikituma wazee, watume wapi? Kwa baba yako mdogo, Mapinga?"

Bi Wahida akanyoosha mkono, akaichukua simu, akajitaja.

"Shikamoo, mama," Najim alisema kwa hofu.

"Marahaba. Ashatu hataposwa Mapinga kama asiye na mama. Baba yake mdogo nitamwita mimi. Posa iletwe hapa."

"Tuje lini, mama?"

"Siku yoyote mtakayo, ila si Alhamisi. Alhamisi mimi namsomea mwanangu, na wewe una kazi yako pale kanisani. Uende ukaifanye."

Akamrudishia Ashatu simu, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Ashatu alibaki sebuleni na simu sikioni, Najim akimwita mpenzi, akimwita mke, na yeye akishindwa kuitika, kwa kuwa nyuma ya mlango Bi Wahida alikuwa akimlilia Yunus.