Nyumba Ambayo Ebla Hakuisimamisha

Kila asubuhi Ebla alifungua mzigo wa fito za nyumba yake ya kuhamahama, akazigonga moja moja kuwatoa mchwa, kisha akazifunga tena kamba. Leo hakumaliza. Mchumba wake Salat alisimama mbele yake, ameshika kibali cha kutoka kijijini.

"Naenda Masalani. Kuna kazi ya kuvusha watu mtoni. Lori linaondoka sasa hivi."

Ufito ukamponyoka Ebla.

"Na harusi yetu?"

"Harusi gani? Nyumba ni ya mwanamke. Bibi harusi huisimamisha, ndipo mume aingie. Mwaka mzima nangoja kuingia, na wewe unapigapiga fito tu!"

Ebla akainamisha kichwa. Akauokota ufito.

"Haya. Kwaheri, Ebla."

Ilikuwa mwaka 1967, na wao walikuwa bado ndani ya kijiji cha ua wa miba nje ya Garissa, pale serikali ilipowakusanya kwa sababu ya vita. Ngamia waliobeba nyumba zao walikwisha kufa. Jamaa walitawanyika, huyu Eldas, yule Lafey, na kila lori liliondoka na wengine.

Mama yake mdogo, Rukiyo, alikuwa amesikia yote.

"Umemeza ulimi? Kijiji kizima kinasema humtaki kijana wa watu!"

"Namtaka, habaryar," Ebla akamjibu mama yake mdogo.

"Unaniambia mimi? Mimi ndiye nitakayekuoa? Mkimbilie!"

Ebla akatoka mbio, mtandio ukimteleza. Langoni askari Munyao akamzuia.

"Dada, kibali?"

"Sitoki! Nataka kusema tu."

"Sema upesi basi, dereva ana haraka."

Watu wote ndani ya lori lililosimama langoni wakamgeukia. Salat tu, juu ya magunia, hakumtazama.

"Salat! Sikukukataa wewe!"

"Fito zako zilishasema."

"Niliogopa! Nyumba yetu haijawahi kusimama mahali ambapo haiwezi kuhama. Niliona nikiisimamisha ndani ya miba hii, nimekubali kwamba hatuhami tena. Kwamba kwetu ndiyo hapa."

Salat akageuka polepole.

"Sasa tuishi wapi?"

"Hapa hapa. Nitaisimamisha leo."

"Shuka, kijana!" mama mmoja akapaza sauti. "Nimechoka kusimama, nataka hapo ulipokaa!"

Watu wakacheka. Salat akaruka chini, vumbi likatimka.

"Kwa nini leo, Ebla?"

"Mjibu, dada," Munyao akasema. "Sote tunangoja."

Ebla akauinua uso wake mbele ya watu wote.

"Kwa sababu nakupenda, Salat. Ukiondoka wewe, sina kwetu kokote."