Duara Kichwani mwa Mama Magesa

Mashine ilikuwa imeshanyamaza, lakini kugonga kuliendelea.

Ko, ko, ko. Kimya kidogo. Ko, ko.

Lusia alidhani ni masikio yake tu. Nusu saa nzima alikuwa ameketi chumba cha pili akiisikiliza ile mashine ya kupiga picha za ubongo ikimpigia mama yake makelele. Hapo palikuwa kituo cha utafiti mjini Shinyanga. Wazee waliopigwa picha mwaka jana walikuwa wameitwa tena, wataalamu waone ubongo unavyozeeka na kwa nini wengine husahau. Mwaka jana Mama Magesa, mjane wa miaka sabini na moja kutoka Segese, alikuja akiwa anasahau alikoweka kisu. Mwaka huu alikuwa amemsahau Lusia, binti yake anayemlisha na kumwogesha.

"Daktari, kinachogonga ni nini?"

Daktari Tahera alisukuma kiti nyuma, akasimama. Alikuwa binti wa wenye duka la vitambaa palepale mjini, mtu asiyebabaika ovyo. Alimwendea mama pale alipolala, akainama kana kwamba anamwekea shuka vizuri, kisha akainuka kama aliyeungua.

"Njoo uone," alinong'ona.

Kwenye kompyuta palikuwa na picha mbili za kichwa kimoja. Ya mwaka jana haikuwa na neno. Ya mwaka huu ilikuwa na mstari mweusi ulioanzia utosini, ukashuka wima, ukakata kushoto, halafu ukagawanyika mara mbili. Tawi moja liliishia kwenye kidimbwi cheupe.

"Hayo meupe ni maji," Tahera alisema, sauti imemkauka. "Dada Lusia, ubongo wa mzee husinyaa. Nimeona mamia. Lakini husinyaa kotekote. Haukati kona."

Lusia aliijua kona ile. Kaka yake, Magesa, alikuwa na duara porini ng'ambo ya Segese, shimo lake la kuchimbia dhahabu, na kila alipokuja kula alilichora mchangani kwa kijiti: tumeshuka futi themanini, tukakata kushoto, tukagawanyika, upande huu tumekuta maji tukauacha, sasa mwamba wa dhahabu tunausaka upande ule. Damu ilimpanda mpaka macho yakamwasha.

"Hili ni duara la kaka yangu," alisema. "Mtamtibu mama?"

"Fomu uliyosaini inasema picha ni za utafiti. Dawa ya kitu hiki mimi sina."

"Kwa hiyo nyinyi mnatazama tu! Mtu analiwa kichwa mwaka mzima, nyinyi kazi yenu kutazama!"

Tahera aligeukia kompyuta. Alimtolea Lusia nakala ya ile picha, jambo lililokuwa limekatazwa, akamkunjia ndani ya bahasha.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Lusia alimwogesha mama yake uani kwao Segese. Alipomsugua shingo alisikia harufu ya mwamba mbichi na moshi wa baruti, akatazama huku na huku kuona inatoka wapi, na ikawa inatoka mdomoni mwa mama kila alipopumua. Akaweka sikio kwenye nywele zile nyeupe zilizolowa, akasikia nyundo juu ya tindo, mbali, ndani, na nyuma ya nyundo sauti za wanaume wakiitana, na nyuma ya wanaume kitu kingine kikubwa kilichokuwa kinavuta pumzi taratibu bila kuchoka, kikifurahia kazi, na alipotaka kutoa sikio lake pale hakuweza, kwa sababu kile kitu kilikuwa kimeacha kupumua ili nacho kimsikilize yeye. Sikioni mwa mama pakachuruzika tope la kijivu, laini, lenye chembe za mawe.

"Mayu," Lusia alimwita mama kwa Kisukuma, machozi yakimtoka. "Mayu, ni mimi."

"Shikamoo," mama alimjibu kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni mkubwa.

Jilala, mfumu wa Samuye, mganga aliyeitwa kuagua, hakuingia hata ndani. Alisimama kizingitini, akanusa, akarudi hatua mbili. "Huyu jini hakuvamia," alisema chinichini. "Amekaribishwa. Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa, na njia ni moja tu. Aweke nyundo chini kabla hajamaliza. Alichokwisha kukichimba hakirudi, lakini kilichobaki kitabaki."

Lusia hakungoja chai. Alipanda bodaboda mpaka porini, akapita kwenye karasha zinazosaga mawe, akamkuta Magesa mdomoni mwa duara lake, ana vumbi hadi kwenye kope. Akamtupia ile picha kifuani.

"Umempa huyo jini nini?"

Magesa aliufuata ule mstari kwa kidole, kona kwa kona. Hakukana, na hilo ndilo lililomuudhi Lusia kuliko yote. Alitamani walau akane.

"Punguza sauti, watu wako chini," alisema. "Wenzangu hapa wanatoa roho za wazazi wao, Lusia. Roho! Mimi nilikataa. Niliambiwa nitoe kitu cha mzazi, nikasema basi, achukue kumbukumbu. Mzee wa miaka ile kumbukumbu za nini? Anakula, analala, hana shida. Nikipata namjengea nyumba ya vigae."

"Atajua ni yake?"

"Usinifanyie hivyo."

"Amenipa shikamoo, kaka! Mama yangu amenipa shikamoo mimi!"

Wachimbaji wawili waliokuwa wakivuta kamba waliacha kuvuta. Magesa alimshika dada yake mkono, akamsogeza pembeni.

"Zimebaki futi sita. Sita tu. Na mbona mimi ananifahamu? Juzi nimekula kwake, akaniita jina, akaniuliza mguu umepona."

Lusia alimwangalia. Ni kweli. Mama alikuwa amemsahau mumewe, amesahau shamba na ng'ombe, amesahau hata neno la kuombea maji. Magesa peke yake ndiye aliyebaki, Magesa na mguu wake.

"Basi futi hizo sita ndizo wewe," alisema. "Anachochimba sasa ni wewe. Simamisha, kaka. Sikuombi kwa ajili yangu, mimi nimeshatolewa. Mwachie mama mtoto mmoja!"

Magesa alifunga macho. Lusia akaona amemgusa. Halafu kutoka chini ya shimo mtu akapiga kelele, "Bosi, jiwe limebadilika rangi!" na macho ya Magesa yakafunguka, na dada yake hakuwamo tena.

Magesa alikuja kwa mama siku ya tatu, asubuhi, mbio, akilia kama mtoto kwa furaha kabla hajafika mlangoni. Mikononi alikuwa na jiwe lenye mshipa wa njano mnene kama kidole. Alimpita Lusia, akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Mama! Tumeupata, mama! Tazama!"

Mama Magesa alilitazama jiwe, kisha akautazama uso. Aliutazama kwa upole na kwa bidii, akitafuta. Akampapasa shavu.

"Baba," alisema, "wewe ni mtoto wa nani?"

Magesa akacheka. Akarudia jina lake. Akafunua suruali, akamwonyesha kovu la mguuni. Akalirudia jina mara ya tatu, mara ya nne, sauti ikimkatika, mpaka likawa kilio. Lusia hakumbembeleza. Alisimama anamtazama, na ndani yake hakupata huruma hata ya kulamba.

Kisha mkono wa mama ukaanguka kutoka shavuni pa Magesa. Chumba kizima kikanuka baruti. Kinywa cha mama kikafunguka zaidi ya kinavyoweza kinywa cha mzee, na sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya kiume, ya mtu aliyeridhika na kazi yake.

"Hapa nimemaliza," ilisema. "Mshipa unaendelea chini. Nipe kichwa kingine."

Magesa alikuwa bado amepiga magoti, machozi yanamdondoka kwenye lile jiwe. Lusia alingoja aseme hapana. Neno dogo tu, hata mtoto anaweza kulisema.

Magesa alifuta kamasi kwa kiganja. Akageuka taratibu, akamtazama dada yake, hasa paji la uso.

Lusia alirudi nyuma mpaka mlangoni. Hakukimbia. Alisukuma komeo, akaufunga mlango wote wakiwa ndani, akaunyakua mchi uliokuwa umeegemea ukutani, akaushika kwa mikono miwili.

"Jaribu," alimwambia.