Zamu ya Zamzam katika Hospitali Kivuli

Zamzam alivaa kofiadarasa akiwa sebuleni kwake, na papo hapo hospitali nzima ikamzunguka: wodi, ving'ora, wagonjwa wanaokohoa. Wagonjwa hao walikuwa nuru tupu. Hii ndiyo hospitali kivuli, darasa la mtandaoni ambamo wauguzi wa mji wa Mpanda, kama wa miji mingine, walijifunza kuongoza hospitali bila kumuua mtu. Mkufunzi, mashine isiyosinzia, aliwagawia zamu na kuwapima. Leo angemchagua mmoja awe mkurugenzi wa hospitali halisi.

Walibaki wawili, yeye na Leokadia. Jina hilo lilimkaa Zamzam kooni kama mwiba wa samaki. Leokadia akipatia, anasifiwa. Leokadia akikosea, watu wanasema maskini, amechoka tu.

"Shoga, mbona umenuna? Umekula ndimu?" Leokadia alimtania alipoingia kupokea zamu.

"Pokea kazi, mama wa sifa."

Desturi ya wauguzi ni kutembea kitanda kwa kitanda, anayetoka akimwambia anayeingia kila kitu. Walipofika kwa mtoto wa dirishani, Zamzam alijua kwamba mtambo wake wa oksijeni umeanza kuishiwa nguvu. Ulimi ulimwasha.

"Huyu hana neno," akasema, akapita.

Ni nuru tu, alijiambia. Nuru haifi.

Mtoto wa nuru alizimika mikononi mwa Leokadia, na Mkufunzi akamtangaza Zamzam mshindi. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake aliingia hospitali halisi akiwa mkurugenzi. Leokadia alimkumbatia pale wodini bila kinyongo, na hilo likamuudhi zaidi.

"Hongera, bosi. Umeliona somo jipya? Mkufunzi amezichambua zamu zako. Anasema makabidhiano yako ni mafupi na wagonjwa wako hawafi. Hospitali zote zimeamriwa kukuiga."

"Kuniiga nini?"

"Hali ya mitambo haitajwi tena. Eti ni kupoteza muda." Leokadia alishusha sauti. "Mimi sikubaliani, lakini nani atanisikiliza? Si mimi niliyeua mtoto?"

Mbele yao muuguzi mmoja alikuwa akimkabidhi mwenzake zamu. "Huyu hana neno," akasema, wakapita. Juu ya kichwa cha bibi aliyelala pale, taa ya mtambo ilikuwa nyekundu. Na bibi huyu alikuwa na damu na wajukuu.

Zamzam aliruka, akaubadilisha mtambo. Bibi akavuta pumzi. Lakini kulikuwa na wodi ngapi nyingine, katika miji mingapi, asizoweza kuzifikia mbio?

Mkufunzi hufuta somo kwa njia moja tu: mwenye somo akiri kwamba alidanganya. Akikiri, kiti kinakwenda kwa aliyemfuata.

Zamzam alimtazama huyo aliyemfuata, na wivu ukamchoma upya, mkali kuliko jana.

"Nipe kofiadarasa yako, nina neno na Mkufunzi," akasema. "Na ole wako uniambie pole."