Jumamosi Saa Saba, Tamu Chapu ya Sirari

"Huyu mdogo wangu amemuua baba yetu."

Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu huu huu. Jumatatu asubuhi, kwenye ritongo, baraza letu la kimila, mbele ya wazee wa ukoo na nusu ya kijiji cha Genkuru.

Nchagwa alikuwa amekaa hatua tatu kutoka niliposimama, mikono kati ya magoti.

"Mura, kijana wetu, umesikia dada yako?" mzee mmoja akamuuliza.

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

Akainamisha kichwa.

Huyo ni mtoto niliyembeba mgongoni siku ya kumzika mama. Nikamtazama anavyonyamaza, nikasema moyoni, nimekukamata.

Sasa nisikilizeni. Wengi wenu mlikuwepo. Si pale kijijini, hapa hapa mtandaoni. Nilipoandika kwamba mdogo wangu anajua baba alipo, mlishea posti yangu mpaka ikafika Mwanza. Mlimtukana kwa niaba yangu. Basi na hii isomeni mpaka mwisho, msikimbilie komenti kama kawaida yenu.

Naitwa Waisiko. Baba yangu ni Mzee Heche, mfugaji, mtu wa Genkuru. Miaka miwili hii akili yake inakuja na kuondoka. Leo anakutambua, kesho anakuita kwa jina la marehemu mama. Tunaishi naye mimi na Nchagwa, kwa sababu mimi nilirudi nyumbani na wanangu, na Nchagwa hajaoa.

Kuna kitu kimoja baba hakukisahau... Tamu Chapu.

Kama wewe ni mtoto wa juzi na huijui Tamu Chapu, pole yako. Walianza na mgahawa mmoja wa chipsi kuku Sirari, wakaja Tarime mjini, wakaja Nyamongo, wakaenda mpaka Mugumu. Ukutani wamechora jogoo amevaa tai. Viti vyekundu vimefungwa kwenye sakafu, hata uvute vipi havisogei. Na dada wa kaunta, kabla hajakuuliza unakula nini, anakuuliza, "Ya kukaa au ya kubeba?"

Baba alikuwa na jibu lake.

"Ya kukaa. Mimi si mwizi, nikimbie na chakula."

Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Nchagwa hata shule alikuwa hajaanza. Baba akitoka mnadani Jumamosi na ng'ombe ameuzika, anatupeleka Tamu Chapu ya Sirari, saa saba mchana, sahani moja watu watatu. Mwanaume wa Kikurya amekaa mezani anawafuta watoto midomo kwa karatasi! Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Kuku alitupa sisi. Yeye alikula chipsi tu.

"Kuku ananikwama kwenye meno," alikuwa anasema.

Na meno yalikuwa mazima yote, jamani. Nimekuja kuelewa nilipopata watoto wangu.

Halafu mwenye mali akafariki, warithi wakavutana. Mugumu ikafungwa, ikafuata Nyamongo, ikafuata Tarime mjini, Sirari ikawa ya mwisho. Ile ya Nyamongo sasa ni duka la dawa. Jogoo wamempaka rangi nyeupe, lakini mvua ikinyesha ile tai inaonekana.

Baba alibaki na kofia. Nyekundu, ina jogoo mbele, walikuwa wanagawa zamani. Na kila siku, swali ni lile lile.

"Waisiko, leo siku gani?"

"Alhamisi, tata."

"Jumamosi bado?"

"Bado."

"Na Tamu Chapu..."

"Tutaenda, tata. Jumamosi tutaenda."

Nilikuwa namdanganya, nakiri. Niliona nikimwambia imefungwa atalia, kesho atasahau, atauliza tena, nianze kumpa msiba upya. Nikaona uongo una huruma zaidi. Nimemdanganya mwaka mzima, na yeye kila mara ananitazama, anatingisha kichwa, anasema, "Haya, mwanangu."

Jumamosi hiyo nilienda kupalilia. Narudi mchana, kigoda kitupu. Koti halipo. Kofia haipo.

Nilianza kucheka kidogo, nikadhani yuko kwa jirani. Ikafika saa kumi sicheki tena.

Tulimtafuta mtoni, vijana wakapita kingo zote za mto Mara walizoweza. Tulienda Matongo, tukachungulia yale mashimo ya wachimbaji, moja moja, tunaita, "Heche! Mzee Heche!" Nilikimbia mpaka lile duka la dawa Nyamongo.

"Hajafika mzee mwenye kofia nyekundu?"

"Hajafika, dada."

Wakati wote huo Nchagwa haonekani. Alirudi usiku umeingia, ameloa, hataki kunitazama usoni.

Jumapili ndipo Kornelio akaja. Ni mtu wa kwetu, anafanya kazi za kutoa mizigo pale mpakani.

"Waisiko, mimi sipendi umbea," akaanza. Mtu akianza hivyo, shika moyo. "Nchagwa nilimwona Sirari wiki tatu zilizopita, yuko na mzee. Mzee analia. Na jana jioni nimemwona tena pale pale. Yuko peke yake."

Wiki tatu zilizopita! Siku ile Nchagwa aliniambia anampeleka baba kliniki Tarime.

Nikamfuata nyumbani.

"Jana ulienda Sirari?"

"Nilienda."

"Kufanya nini?"

"Kumtafuta mzee."

"Nani kakuambia mzee yuko Sirari?"

Akageukia ukuta.

"Na ile safari ya kliniki? Ulimpeleka wapi baba yangu akalia?"

"Dada, hilo siwezi kusema. Nilimpa mzee neno langu."

"Neno gani hilo, na mtu mwenyewe hayupo?"

"Nilimpa neno langu," akarudia, na macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nikayasoma kama macho ya mwenye hatia.

Kumbukeni mwaka huu alikuwa ameomba baba agawe shamba mbele ya wazee, wakati akili bado inamrudia. Basi nikaunganisha shamba, Sirari na machozi ya baba, nikapata mauaji.

Jumapili hiyo nikaweka picha ya baba mtandaoni, amevaa ile kofia. Nikaandika kila nilichokidhani kana kwamba nimekiona.

Nikakaa nasubiri taarifa. Mnajua mliniandikia nini?

"Dah, hiyo kofia! Mnaikumbuka Tamu Chapu?"

"Ile pilipili yao ya kijani, weee."

"Mke wangu nilimtongozea Tamu Chapu ya Mugumu, sasa ana watoto wanne na kuku simnunulii."

Komenti mia tatu. Watu wanacheka, wanataja viti, wanamtaja yule jogoo. Nikawajibu kwa hasira, mimi natafuta baba, nyie mnatafuta chipsi, Mungu atawalipa. Nikatupa simu kitandani.

Jumatatu ndiyo ritongo lile nililowaambia. Wazee walitaka Nchagwa ale kiapo kwamba hakumdhuru baba. Kiapo chetu si cha mchezo, ukiapa uongo kinapita kwako kinaenda kwa uzao wako. Nchagwa akasimama.

"Hilo nitaapa," akasema.

Mimi nikadakia. Sitajisamehe kwa hili.

"Aape pia kwamba hakumpeleka baba Sirari!"

Nchagwa akageuka akanitazama. Akarudi kukaa.

"Hilo sitaapa," akasema.

Watu wakaguna. Wazee wakakata shauri, mpaka Jumanne asubuhi awe ameapa au ameeleza. Asipofanya hivyo atengwe, asipewe moto wala maji, asisalimiwe na mtu. Mimi mwenyewe nilipiga makofi.

Mchana nikarudi kwenye simu nifute ile posti yenye chipsi zenu. Macho yakaangukia komenti ya dada mmoja, Eunice.

"Pole dada. Mama Everlyne aliyekuwa anakaanga Tamu Chapu ya Sirari bado yupo, ana kabati lake la chipsi mbele ya jengo lile lile. Jana nimenunua kwake. Kuna mzee kakaa pale na kofia kama hiyo. Nilidhani ni mlinzi."

Nilisoma huku nimesimama, nikaisoma tena.

Sirari... Mimi nilimtafuta tawi la karibu. Yeye alienda kule tulikokuwa tunakula.

Matiko wa bodaboda nilimwambia neno moja tu, Sirari, akawasha pikipiki. Njia nzima nilikuwa naomba kwa sauti mpaka Matiko akawa anaitikia amina.

Jengo sasa ni duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye ngazi kuna kabati la vioo, karai la mafuta, na mama mmoja mnene na aproni ya bluu. Pembeni yake, juu ya kreti ya soda, amekaa baba yangu. Koti limefungwa mpaka shingoni. Amekonda kwa siku tatu kama mtu wa mwezi mzima.

Nilipiga magoti. "Tata!"

Akaniangalia.

"Umechelewa," akasema. "Saa saba imepita."

Yule mama akaacha karai.

"Wewe ndio Waisiko? Ai, asante Mungu. Hii mzee amenisumbua na jina lako. Nikimuuliza anatoka wapi, anasema nyumbani. Nimeshaenda kwa mwenyekiti mara mbili."

"Shikamoo mama. Alifikaje hapa?"

"Alishuka kwenye gari la abiria Jumamosi, akanishika mkono, akaniambia, mama, wewe ndio ulikuwa unapika hapa? Nikamwambia ni mimi. Akaanza kuniomba. Akasema, mtoto wangu hajui kama mmefunga. Kila siku ananiambia tutaenda Jumamosi, anatamani sana. Akija akute kumefungwa atalia, hana mama huyu. Nipikie sahani moja tu, akija ajue bado mko."

Nikamshika baba mkono.

"Nikapika. Akangoja, na wewe hukuja. Mvua ikaanza, nikamchukua kwangu Isebania, upande wa Kenya. Sasa kila siku lazima nimrudishe hapa, na lazima nipike hiyo sahani."

Mmeelewa, wasomaji wangu? Mimi nilidhani ninambembeleza yeye. Na yeye, wiki zile tatu za mwisho, alikuwa anajua kumefungwa, kila akili inapomrudia, akadhani anayeililia Tamu Chapu ni mimi. Kila aliponiambia siku hizo "haya, mwanangu," alikuwa ananihurumia.

"Tata, ulijuaje kwamba wamefunga?"

"Nchagwa alinileta, nikaona kwa macho." Akashusha sauti. "Nililia siku ile. Nikamwambia, apa kwamba hutamwambia dada yako. Wala kwamba pamefungwa, wala kwamba nimelia." Akanichungulia chini ya kofia. "Alikwambia?"

"Hapana, tata. Hakuniambia."

"Mtoto mzuri yule," akasema.

Mama Everlyne akaleta sahani. Akasimama mbele yetu na tabasamu lake la kazini la zamani.

"Ya kukaa au ya kubeba?"

"Ya kukaa," baba akamjibu. "Mimi si mwizi."

Akanisukumia kuku. Nikala. Nilikuwa nameza chumvi ya machozi na kuku pamoja, na yeye ananifuta mdomo kwa karatasi.

Nilimpigia Nchagwa pale pale. Haipatikani. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka chaji ikaisha.

Giza lilitukuta pale, tukalala kwa Mama Everlyne. Tulirudi Genkuru Jumanne asubuhi, Matiko mbele, baba katikati, mimi nyuma nimemshika. Watu walijaa uwanjani wakipiga vigelegele. Mimi niliingia moja kwa moja chumbani kwa mdogo wangu.

Hayupo. Nguo zake za kazi hazipo, begi halipo. Aliondoka Jumatatu jioni, akapita katikati ya watu na hakuna aliyemjibu salamu, kwa sababu walikuwa wameanza kumtenga kabla hata ya Jumanne.

Nyuma ya nyumba, kwenye kamba, nilikuta blanketi la baba. Alikuwa amelifua na kulianika. Mtu niliyesema ameua alikuwa anamwandalia baba blanketi safi la kurudia.

Nilirudi mbele ya wazee nikasema kila kitu, nikaomba radhi nimepiga magoti. Wakaniambia, "Neno ulilitoa hadharani, ukalirudishe hadharani." Ndiyo sababu ya posti hii.

Kwa hiyo mliomtukana Nchagwa, mfute. Na nyie mliokuwa mnakumbushana chipsi wakati nalia, nilisema Mungu atawalipa. Awalipe mema, maana kelele zenu ndizo zilizomrudisha baba yangu. Mtu akikuambia hawezi kusema, usimlazimishe kwa kiapo, huenda anakubebea mzigo wako. Na kama una mzazi anayesahau, usimwekee ahadi ukidhani ataisahau. Wangu aliishika kuliko mimi.

Ni wiki ya tano sasa. Wengine wanasema wamemwona Mugumu, wengine wanasema amevuka mpaka kwenda Migori. Baba anauliza kila siku, "Nchagwa yuko wapi?" Siku ya kwanza ulimi ulitaka kusema atakuja kesho. Niliuzuia. Nikamwambia, "Tata, nilimfukuza kwa maneno yangu." Akalia. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena. Ndiyo adhabu yangu, naitumikia.

Nchagwa, mdogo wangu, kama simu umeiwasha na unasoma hapa... Kila Jumamosi saa saba mimi na baba tuko Sirari, kwenye zile ngazi. Mama Everlyne ameweka kreti tatu. Chipsi zinaiva, anauliza swali lake, na baba anamjibu, "Ya kukaa, lakini ngoja kidogo, mmoja hajafika."

Kuku hatujamgusa.