Barua Yangu Ndani ya Kanda ya Mnyonya Damu

Nina umri wa miaka ishirini na minne, sijaolewa, na mtu akinihurumia kwa hilo ninacheka. Wa kuhurumiwa alikuwa yule msichana wa miaka kumi na tisa aliyedhani kupendwa ni kunyonywa damu... Msichana huyo ni mimi. Nisikilizeni, dada zangu.

Nilizaliwa Malinya, kusini mwa mji wa Kakamega. Nilipomaliza Kidato cha Nne nilikodi chumba mtaa wa Shirere, mjini humo, pamoja na rafiki yangu Mmbone, nikawa nashona vifungo na kukunja pindo kwa fundi mmoja wa nguo huku nikingoja kuitwa chuo cha ualimu. Nilikuwa na ndoto moja tu: kusimama mbele ya ubao na chaki mkononi.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha kukodisha kanda za video. Mwenyewe aliitwa Wycliffe. Mrefu, mpole, hacheki ovyo. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akituwashia televisheni, nasi wasichana tukajazana kwenye mabenchi kutazama filamu za wanyonya damu. Jamani, tulivyozipenda!

Mnazijua. Mwanamume mwenye sura ya huzuni anasimama nje ya dirisha la msichana. Anamfuata kila aendako. Anamwonea wivu hata akiongea na mamake. Nasi machozi yanatutoka, tunaambiana tazama anavyompenda! Hakuna aliyeuliza mbona msichana hana kazi nyingine ila kulala na kungoja kuumwa shingo. Na mbona mwanamke akigeuka mnyonya damu anapigiliwa kigingi kifuani, ilhali mwanamume akinyonya anaitwa mpenzi? Ningeuliza mapema...

Wycliffe akaanza kusimama nje ya dirisha la fundi. Asubuhi yupo, mchana yupo. Mteja wa kiume akinisalimu, lazima nieleze ni nani. Aliniambia niache sketi yangu nyekundu, nikaiacha. Akaniambia Mmbone ana mdomo, nikapunguza kuongea naye, na tunalala chumba kimoja! Mmbone aliponionya nilimjibu kwamba ana wivu, kwa sababu yeye hana wa kumsimamia dirishani. Mungu anisamehe, nilijiona malkia.

Sasa sikieni kosa langu. Fomu za chuo zilitaka anwani. Barua za kwetu zilipitia sanduku la posta la shule ya jirani, zikifika zimepita mikono kumi, na nyingine hazikufika kabisa. Wycliffe alikuwa na sanduku lake posta ya mjini, ufunguo mfukoni. Akasema niandike lake. Nikaandika, kwa mkono wangu huu, kwa wino wa buluu. Katika filamu zile mnyonya damu hawezi kuingia kwako mpaka umkaribishe. Mimi nilimkaribisha!

Mmbone akaitwa chuo. Mimi, kimya. Kila wiki namuuliza Wycliffe, kila wiki anatikisa kichwa. Siku Mmbone alipoondoka na ndoo yake na blanketi, nililia kifuani pa Wycliffe hadi shati likalowa. Akanipangusa machozi. Akasema labda Mungu amenipangia ndoa, na kwamba angekuja kwetu na wazee wake. Nilimshukuru... Hebu fikirini, nilimshukuru!

Siku tatu kabla ya wazee kuja, alikwenda Kisumu kuchukua kanda mpya, akaniachia kibanda. Mama mmoja akaja kuulizia ile filamu ya mnyonya damu tuliyoipenda kuliko zote. Nikaitoa kwenye rafu ya juu, nikafungua jalada nione kama kanda imo. Ikaanguka bahasha ya kaki yenye jina langu.

Ilikuwa imeshafunguliwa. Nilikuwa nimeitwa chuo! Niende na blanketi, ndoo na jembe. Siku ya kuripoti ilikuwa imepita miezi miwili. Nikaketi chini, na yule mama akadhani nimeugua. Sikupiga mayowe. Nilimpa kanda yake, nikaficha barua ndani ya nguo, nikafunga kibanda, nikaenda kwetu Malinya.

Jumamosi mchana walifika, wanaume sita wenye makoti. Mama alikuwa amesonga obusuma, ugali wetu, na kupika ingokho wawili, maana kwetu kuku ndiye heshima ya mgeni. Na kwetu wageni wa aina hiyo hawasemi neno mpaka binti aitwe, aulizwe mbele ya wote kama anawajua. Ni swali la heshima tu, jibu lake kila mtu analo tangu jana. Senje wangu, dada yake baba, akanishika mkono akaniingiza.

"Mwanangu, hawa wageni unawajua? Tuwakaribishe?"

Wycliffe alinitazama kwa ile huzuni yake ya filamu. Nikatoa barua, nikaiweka mezani kando ya sahani.

"Siwajui, senje. Msiwakaribishe."

Baba aliisoma polepole, akamuuliza Wycliffe kama ni kweli. Akajibu kwamba aliificha kwa ajili ya mapenzi, kwamba hawezi kuishi bila mimi. Nikamwambia, "Ulinipangusa machozi na barua iko kwa rafu yako." Senje akawaambia wazee wa Wycliffe kwamba mtoto wamemsikia. Waliondoka bila kuonja mchuzi.

Msidhani ilikuwa rahisi. Chuo kilisema nafasi yangu imeshajazwa. Majirani walisema naringa, nitazeekea kwa baba. Mama aliwalilia wale kuku mwaka mzima! Mimi nilimwomba Mmbone msamaha, nikajaza fomu upya, nikaitwa. Leo ninafundisha shule ya msingi huko Mautuma, darasa la tatu, na sketi yangu nyekundu naivaa.

Wasichana wenzangu, filamu tazameni, hata mimi bado natazama. Lakini mwanamume akisimama dirishani kwako kutwa nzima, muulize kama hana kazi. Akikutenga na rafiki yako, kimbia kwa huyo rafiki. Na usiandike anwani ya mtu mahali panapotakiwa yako, hata akupende namna gani!

Kwa mshahara wangu wa kwanza nilikodi sanduku la posta, kwa jina langu. Ufunguo wake nimeufunga kwa uzi, nauvaa shingoni.