Utepe wa Dereva

Jirani yangu mmoja alikuwa na kazi ambayo wengi hawajui kama ipo. Kila siku baada ya chakula cha mchana alisukuma kitoroli cha vitabu wadi hadi wadi, akiwaazima wagonjwa. Wakamwita Kitoroli, naye wala hakununa. "Nimezunguka nchi kibao nikiuza vitabu," alikuwa akisema, "na nilichorudi nacho ni kitambi hiki na gurudumu linalolia."

Fahari yake ilikuwa kuchagua. Alimtazama mgonjwa usoni, na mkono ukaenda wenyewe rafuni. Anayesubiri majibu ya vipimo alipewa upelelezi, angalau apate jambo moja lenye jawabu. Aliyekatazwa chumvi alipewa mapishi, akale kwa macho. Mashairi yalikuwa ya wenye homa: ni mafupi, na hata usipoelewa hakuna wa kukuuliza. Visa vya mizimu alivificha rafu ya chini. Hospitali, alisema, ina yake ya kutosha.

Alikuwa pia na mwiko mmoja, aliorithishwa na mama mmoja aliyesukuma kitoroli hicho kabla yake. Kila kitabu kilikuwa na utepe mwekundu wa kuwekea alama. Mgonjwa akifariki hajamaliza kusoma, utepe urudishwe ukurasa wa kwanza kabla kitabu hakijaazimwa tena. "Usimpe mtu ukurasa wa maiti," yule mama alimwambia. Kitoroli alicheka, lakini alitii.

Sasa, alilazwa dereva mmoja wa lori. Bonge la mtu, vidole vimeshiba grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Siku moja alimvuta Kitoroli shati, akamnong'oneza, "Kaka, huna hadithi ya mapenzi?"

Kitoroli aliangua kicheko, wadi nzima ikageuka. "Wewe, na shingo hiyo? Chukua upelelezi hapa, mzee, uache kudeka!"

Dereva akatabasamu kwa aibu, akakipokea. Siku chache baadaye godoro lake lilikuwa limekunjwa. Utepe ulikuwa katikati ya kitabu.

Kitoroli ndio kwanza amekishika, akaitwa mbio. Dada yake mkubwa, yule aliyemlea walipobaki yatima, ameletwa wadi ya wanawake. Tumbo. Atapasuliwa. Alifika akihema, hajui aseme nini, basi akafanya alichozoea kufanya. Akampa kitabu kilichokuwa mkononi.

Utepe hakuurudisha.

Kesho yake mchana alimkuta dada macho mekundu. "Mdogo wangu, hiki kitabu kina nini? Nikitaka kufunua ukurasa, unakuwa mzito. Kama kuna mtu kaushikilia, hajamaliza."

"Dawa hizo, dada."

"Dawa hazipumui shingoni."

Presha yake ikapanda. Daktari akamvuta Kitoroli pembeni: presha isiposhuka hawawezi kumpasua, na tumbo lile halitasubiri. Siku iliyofuata dada hakuweza hata kuinua kichwa. Aliongea akiangalia ubavuni mwake, mahali pasipo na mtu.

"Anasema hiki sicho alichoomba," alinong'ona.

Kitoroli akafungua penye utepe. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na alama ya dole gumba. Pana. Nyeusi. Akaigusa.

Ilikuwa mbichi.

Safari hii hakutania. Alirudi kwenye kitoroli, akaanza kuchambua hadithi za mapenzi, moja moja, na kwa mara ya kwanza alichagua bila uso wa kutazama. Zenye wapenzi matajiri aliziacha. Zenye mabusu kila ukurasa aliziacha. Akakumbuka kwamba saa ya kutazama wagonjwa yule dereva alikuwa akigeukia ukutani, maana hakuna aliyekuja kwake. Akachukua ya mwanamke anayeacha taa ikiwaka kumsubiri mtu aliye barabarani. Akaweka utepe mwanzo, akaenda wadi ya wanaume, akakilaza juu ya lile godoro lililokunjwa.

"Nisamehe, kaka. Hiki ndicho."

Kabla ya jua kuzama, dada alipata usingizi. Presha ikashuka. Akapasuliwa, akapona, akaruhusiwa. Kitoroli aliwanunulia wauguzi soda, akarudia vichekesho vyake vyote vya zamani, na wenyewe wakacheka kwa huruma.

Wiki kadhaa zilipita, akaenda kumjulia dada hali nyumbani kwake. Alimkuta amekaa mwisho kabisa wa kochi, kama aliyesogea kumpisha mtu. Alikuwa anasoma, lakini kitabu kakishika upande, kama wanafunzi wawili wenye kitabu kimoja.

Kilikuwa kile cha mapenzi.

"Dada, umekipata wapi?"

"Si kwenye begi langu, siku ya kutoka? Si wewe uliyeniwekea?"

Alifika mwisho wa ukurasa. Hakufunua. Akatulia tuli.

"Unasubiri nini?"

"Yeye husoma polepole." Akatabasamu, tabasamu la kisichana ambalo Kitoroli hakuwa ameliona tangu utotoni. "Mpole kweli, masikini. Hajawahi kupata mtu wa kukaa naye. Kasema tukimaliza hiki, tutaondoka wote."

Utepe ulikuwa umekaribia jalada la nyuma.

Dada alipoinuka kwenda kuweka maji ya chai, Kitoroli, mtu ambaye hakuwahi kukunja hata pembe ya kitabu, alichana ukurasa wa mwisho. Akaukunja, akautia mfukoni. Alikunywa chai, akatania kwamba imejaa maji kama mchuzi wa hospitali, akaaga. Njia nzima mkono haukutoka mfukoni. Kitabu kisicho na mwisho hakimalizwi, alijiambia. Ataendelea kusubiri huyo. Asubiri mpaka achoke.

Nyumbani akaukunjua karibu na dirisha, jua likiwa bado kali. Mistari michache tu ya mwisho, kisha weupe.

Kwenye ule weupe palikuwa na alama ya dole gumba. Pana, nyeusi. Na ubavuni mwake, imeegemea kabisa, nyingine: ndogo, nyembamba, yenye harufu ya mafuta anayopaka dada yake.

Zote mbili zilikuwa mbichi.