Bamia Nyekundu za Mama Sitti

"Huu mwaka wa tatu nakuuliza, Asiya. Wa nne sitauliza."

Fadhul alisema hayo bila kuinua macho, mikono yake ikipanga maua ndani ya debe la mafuta lililokatwa. Ilikuwa Agosti 1989, siku ya maonyesho ya mazao pale Midia, karibu na Koboko. Waliopanga uwanja waliiweka meza ya maua ubavuni mwa meza ya mikate, na kama walijua walichofanya, hawakusema.

"Mimi ni mke wa mtu," Asiya alijibu kwa sauti ya chini.

"Mtu gani? Amepita hapa mwaka sabini na tisa na bunduki begani, amevuka mpaka pale Kaya, amepotelea Sudan. Miaka kumi. Hata salamu hakuna."

"Mama yake anasema yuko hai. Yeye ndiye alimzaa."

"Na mimi je?"

"Wewe uko na maua yako."

Fadhul alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Kwao Pajulu, kule Arua, walimcheka miaka mingi, mwanamume mzima analima kitu ambacho hata mbuzi anakikataa. Lakini kila arusi na kila msiba walikuja kubisha hodi kwake. Dalia zake, maua yale ya petali nyingi, zilikuwa kubwa hata watu wanasema nyuki akiingia ndani asubuhi alitoka kesho yake. Mimi nilizipima kwa kofia yangu. Kofia ilikuwa ndogo.

"Sikiliza," akasema. "Nikitoka hapa leo napitiliza mpaka Inde. Kuna mjane pale, ana duka la chumvi. Watu wetu wameshazungumza na watu wake, wananingoja mimi tu. Nina miaka arobaini na mbili, Asiya. Nimechoka kula peke yangu."

Asiya alikuwa anakunja kisra, ule mkate mwembamba wa Wanubi, karatasi juu ya karatasi. Moja ilichanika mkononi mwake. Haikuwa kawaida yake. Huyu mwanamke alimwaga uji wa unga uliochacha juu ya chuma cha moto, akautandaza kwa mkono mmoja, akabandua kisra inayoonesha jua upande wa pili.

"Kama ni Inde, nenda Inde," alisema. "Nikiolewa na wewe leo, Nasur akarudi kesho, mimi nitakuwa nani?"

Jirani yake Natalina, aliyeleta keki iliyookwa ndani ya sufuria ya mchanga, aliinama akanong'ona:

"Dada, huyo mutu analia ndani. Na wewe pia. Mimi naona wote wawili."

"Angalia keki yako, Natalina. Inzi wameshaionja kabla ya majaji."

Wakati huo ndipo kelele zilipoanza kwenye meza ya mboga.

Mzee Draku alikuwa ameleta boga. Wanaosema lilibebwa na wanaume wanne wanalipunguza, nami siwabishii. Alikuwa na hakika toroli la zawadi ya kwanza ni lake. Halafu Mama Sitti, mama yake Nasur, akafunua ungo wake. Ndani zilikuwa bamia nyekundu, ndefu kama mkono kuanzia kiwiko, laini, hazina hata uzi mgumu. Watu wote waliliacha boga.

"Hizi si za hapa," Draku akasema. "Hizi iko za Sudan. Umenunua soko la Kaya, Mama Sitti. Kitu ya kununua hairuhusiwi."

"Nani amenunua? Njoo shambani kwangu uhesabu mashina."

"Mbegu umetoa wapi, basi?"

Bibi shamba Norah, aliyetoka Arua na daftari lake, aliingilia kwa upole. Mwaka ule walikuwa wanaandika asili ya kila mbegu, kwa sababu watu walirudi kutoka ukimbizini mikono mitupu, na mbegu nyingi za zamani zilikuwa zimepotea.

"Mama, lazima niandike. Usiposema mbegu imetoka wapi, bamia zako nitaziweka pembeni."

"Andika za kwangu."

"Za kwako kutoka wapi?"

"Ameshindwa," Draku akawaambia watu. "Kaya hiyo. Mwizi wa toroli."

Mama Sitti alikuwa mtu wa heshima, mama wa askari, na hakuwahi kuitwa mwizi mbele ya watu. Shingo yake ilinyooka.

"Mimi sinunui bamia, Draku. Mwanangu ameniletea mbegu kutoka Yei. Mwaka jana, na salamu zake juu. Andika, binti yangu. Andika Nasur."

Norah akaandika. Mama Sitti akatabasamu kwa ushindi, akageuka, akakutana na macho ya Asiya.

Asiya alikuwa amesimama hapo na unga mikononi.

"Mama, Nasur ameleta mbegu lini?"

"Zamani kidogo."

"Umesema mwaka jana. Sasa hivi. Norah ameandika."

"Asiya, twende nyumbani tuzungumze."

"Ameleta na nini kingine?"

Mkono wa mwanamke mzee ulienda wenyewe kiunoni, pale nguo ilipofungwa fundo, na Asiya aliuona ukienda.

"Nipe, mama."

"Mwanangu..."

"Nipe."

Mama Sitti hakujua kusoma lakini Asiya alijua, kwa hiyo hakuwahi kuthubutu kuiacha karatasi ile nyumbani. Alifungua fundo taratibu sana. Asiya aliikunjua barua, akaisoma kimya, kisha akaisoma tena kwa sauti, kama mtu anayesoma habari za mtu mwingine:

"Yei, tarehe tatu Machi 1988. Mama yangu mpendwa, salaam. Mimi mzima. Huku nimeoa, nina watoto wawili. Huko sitarudi. Asiya nimemwacha, talaka tatu, na mashahidi wawili wameweka vidole hapa chini. Mwambie aolewe. Amenisubiri vya kutosha. Mbegu za bamia mke wangu amekukaushia mwenyewe. Wako, Nasur."

Asiya aliikunja barua.

"Nani alikusomea?" Asiya akauliza.

"Mwalimu mmoja, sokoni Koboko. Nilimwapisha asiseme."

"Mwaka na miezi mitano, mama."

"Najua."

"Umekula kisra yangu mwaka na miezi mitano, na hii karatasi iko kiunoni."

"Najua, Asiya."

"Kwa nini?"

Mama Sitti alitafuta mahali pa kukaa, hakupata, akabaki amesimama.

"Siku ile nilisomewa kwamba mwanangu harudi. Nilitembea kutoka Koboko mpaka nyumbani nikisema, nikifika namwambia. Nikafika, nikakukuta unaezeka jiko langu. Nikasema kesho. Nikikuambia, na wewe unaondoka. Ningepoteza wanangu wawili kwa barua moja. Nilishindwa."

Draku alivua kofia yake.

"Bamia ni zake," alimwambia Norah kwa sauti ndogo. "Mimi nimekosea kusema. Mpe toroli."

Hakuna aliyemsikiliza.

Sheikh wa Koboko alikuwepo uwanjani, amekuja kuangalia mbuzi. Wakamwita. Aliisoma barua, akaangalia alama za vidole, akaigeuza nyuma na mbele. Fadhul alikuwa amesogea, lakini alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu wakati wanagombana.

"Talaka hii ni sahihi," sheikh akasema. "Na eda yako imekwisha zamani, Asiya. Inahesabiwa tangu siku alipokuacha, hata kama hukujua. Ukitaka kuolewa leo baada ya swala ya alasiri, hakuna wa kukuzuia."

Watu wote wakamwangalia Fadhul. Fadhul akamwangalia Asiya.

"Sheikh," Asiya akasema, "barua imeandikwa mwaka jana. Lakini mimi nimeachwa leo."

"Kisheria..."

"Sheria nimeisikia, na nashukuru. Nitakaa miezi mitatu. Asubuhi hii nilimfukuza mtu kwa ajili ya Nasur. Siwezi jioni hii hii nikawa bibi arusi. Sitaki kuingia nyumba ya mtu na hasira ya nyumba nyingine."

"Utakaa wapi?"

"Pale pale kwa Mama Sitti. Nyumba ni yake, lakini nyasi za paa nimefunga mimi."

Kisha akamgeukia Fadhul kwa mara ya kwanza tangu asome barua.

"Inde wanakungoja."

"Watasikia kwamba sikufika," Fadhul akasema. Akachukua debe lake tupu, akaondoka kwenda kutafuta lori la Arua. Maua aliyaacha mezani.

Miezi hiyo mitatu ilianza kwa kimya. Asiya alipika, aliweka sahani mbele ya mama, akaenda kula upande wa jikoni. Mama Sitti alisema "Asante, mwanangu," na Asiya hakuitika. Asubuhi walilima shamba moja, kila mtu mstari wake. Jembe la mmoja likivunjika, mwingine alisukuma la kwake kwa mguu, bila neno.

Mwezi wa pili Norah alipita na pikipiki ya kazi, akaleta kikaratasi kutoka Pajulu. Mwanamke aliye kwenye eda haposwi waziwazi, na Fadhul aliijua adabu. Aliandika mistari miwili tu:

"Salaam. Nimepanda vitunguu. Huku kwetu vinataka miezi mitatu, mtu hawezi kuviharakisha. Fadhul."

Asiya alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na Mama Sitti aliyekuwa anapeta ufuta alisimamisha ungo.

"Anasema nini? Nisomee."

"Barua zangu nasoma mwenyewe, mama."

Lilikuwa neno la kwanza kwa wiki saba. Mama Sitti alilipokea hivyo hivyo lilivyo, akaendelea kupeta.

Siku chache baadaye Natalina alikuja kuazima kinu, akakaa zaidi kuliko kinu kilivyohitaji.

"Asiya, unajua maneno ya kisimani?"

"Sijui, na sitaki."

"Wanasema barua ulikuwa nayo wewe. Wanasema ulijua zamani, wewe na mutu ya maua mlikuwa mnafanya mambo yenu, na uwanjani mlicheza mchezo tu."

Asiya aliacha alichokuwa anafanya.

"Nani anasema?"

"Walikuwa wanasema. Sasa wamenyamaza. Mama Sitti amepita nyumba kwa nyumba. Hata kwetu Wakristo amekuja. Anasimama mlangoni, hakubali kiti, anasema: 'Mimi Sitti ndiye niliyeificha barua. Mkwe wangu hakujua. Amekaa kwangu miaka kumi, hakuna mwanamume aliyemshika hata mkono. Mwenye neno aje kwangu.' Kisha anakwenda nyumba ya pili. Mpaka kwa Draku amefika."

"Na miguu yake ile inayouma?"

"Na miguu ile ile."

Jioni Asiya alipakua chakula kwenye sahani moja, akakaa mkekani upande wa pili. Mama Sitti aliangalia sahani, akaogopa kunyoosha mkono.

"Kula, mama. Kinapoa."

"Umenisamehe?"

"Bado."

"Haya."

Wakala. Katikati ya chakula Asiya akasema:

"Nikiolewa, Pajulu ni mbali. Fadhul ameniambia mwaka jana ana chumba cha pili. Mimi sikumuuliza, alisema mwenyewe. Alisema ni cha mama."

"Mama yupi? Mama yake alikufa."

"Ndivyo nilivyomwambia na mimi."

Mama Sitti alifunika uso kwa ushungi, akabaki hivyo mpaka Asiya alipomaliza kula na kutoa vyombo.

Arusi ilifungwa Novemba, hapo hapo uani Midia. Fadhul alikuja na watu wake na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Wanaume walikaa nje, wanawake ndani. Ami yake Asiya, ndugu wa baba yake, alikuwa walii wa kumwozesha. Sheikh alikuja mpaka mlangoni na mashahidi wawili, akauliza kwa sauti ya kusikika:

"Asiya, unakubali ami yako akuozeshe kwa Fadhul wa Pajulu?"

Asiya alikaa katikati ya wanawake, hina mikononi. Hakujibu.

Sheikh alingoja, akauliza tena. Kimya. Nje mtu alikohoa, na waliomwona Fadhul wanasema alishika ukingo wa mkeka alioukalia kama mtu aliyepanda lori lisilo na ubao wa nyuma.

"Binti," sheikh akasema, "msichana ambaye hajaolewa akinyamaza tunaelewa. Wewe uliolewa. Lazima tusikie mdomo wako."

Asiya aligeuza kichwa. Mama Sitti alikuwa amejificha nyuma kabisa, karibu na ukuta, mahali ambapo mama wa mume wa zamani hana haki hata ya kukaa.

"Mama, umesikia anachouliza?"

"Nimesikia."

"Nijibu?"

Wanawake wote waligeuka. Bibi yule aliinuka kwa kushika ukuta, akapita kati yao, akaja kukaa ubavuni mwa Asiya, paja kwa paja.

"Jibu, mwanangu. Sema kwa nguvu wasikie mpaka barabarani."

"Nimekubali," Asiya akasema.

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Mama Sitti. Kilimkatikia katikati, na Natalina akakimalizia.